Page yangu ilifunguka dunia nzima, ikakataa bandarini Kalemie

Wakuu, nawasalimu kutoka Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa Tanganyika. Ndugu wa Kigoma, sabuni yenu njo (ndiyo) tunaoga nayo huku, kwa hiyo msinihesabu mgeni.

Nyuzi zenu za seva nazisoma muda mrefu bila kuchangia. Wengi mnaandika mambo ya vitabuni. Leo naleta jambo la mkononi, nimelishika mwenyewe. Na sitaongeza chumvi. Chumvi huku tunaiweka kwenye samaki tu.

Kwanza mnijue kidogo, maana mtu akikupa ushauri lazima ujue amesimama wapi.

Mimi ni baba mzima, mvi zimeshaingia kidevuni. Shule niliiacha mapema, minerval ilikosekana, ile ada ya kila muhula. Nikaanza kufungua radio zilizokufa. Kutoka radio nikaingia kwenye simu, kutoka simu kwenye sola, kutoka sola kwenye kompyuta. Hakuna aliyenifundisha. Video za mtandaoni na kichwa hiki mnachokiona (hamkioni, lakini ni kikubwa).

Leo biro za mji huu, ofisi za wakubwa wenye koti, mashine ikikohoa wanamwita nani? Papa Deo. Sijisifu, nasema hali ilivyo.

Sasa kisa.

Bandarini kwetu kuna mama wa ndagala, hawa dagaa wa ziwani. Wananunua mbichi kwa wavuvi, wanaanika, wanajaza magunia, na magunia yanapanda lori kwenda Nyunzu. Mengine yanafika mpaka Manono.

Shida yao siku zote ilikuwa nafasi kwenye lori. Malori machache, magunia mengi, na katikati amesimama komisioneri, mtu wa kugawa nafasi. Wa kwetu ni Papa Kisimba. Ukimfurahisha, gunia lako linapanda. Usipomfurahisha, linabaki. Na gunia likibaki msimu wa mvua, ndagala inavuta maji, inaingia funza, mama amepoteza kazi yake yote.

Kiongozi wa hawa mama ni Mama Faida, mjane, sauti yake inavuka mto Lukuga bila daraja. Alikuja kwangu mwenyewe. Akaniambia, "Papa Deo, wanasema weye unaweza kila kitu. Tutengenezee kitu ambacho hakina mukono wa kupokea."

Wakuu, nikamtengenezea.

Page moja, nyepesi, inafunguka hata kwenye simu ya kioo kilichopasuka. Kila mama ana namba yake ya simu na code ya siri ya tarakimu nne. Lori likitangazwa asubuhi, anaingia, anabonyeza "Weka gunia". Aliyewahi amewahi. Nafasi zikiisha, page inafunga. Dereva anasoma kwenye simu yake magunia ya nani yapande. Mwenye malori alikubali haraka, maana hata yeye alichoka na kelele.

Seva nilikodi Ulaya, ndogo tu. Linux, nginx mbele, database nyuma, cheti cha https kinajihuisha chenyewe. Niliijenga peke yangu, na ilitembea kama saa.

Sasa nikawa naangalia log kila asubuhi na chai yangu. Nikaona wezi. Watu wa nchi ambazo hata ramani yake siijui wanabahatisha password kwenye seva ya mama wa ndagala! Wanataka nini kwenye samaki wetu?

Nikaweka mlinzi. Wenye kazi hii mnamjua, fail2ban. Anasoma log. Akiona anwani moja ya IP imekosea password mara kadhaa mfululizo, anaifungia milango yote ya seva. Ikirudia, adhabu inakuwa ndefu, mpaka siku kadhaa. Nilimweka kwenye SSH, mlango wangu wa kuiendesha seva, na kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya mambo nusu, nikamweka pia kwenye mlango wanakoingilia mama.

Najua wajuzi mmeshaanza kutabasamu. Subirini kwanza, mimi nilitabasamu baadaye.

Asubuhi moja ya lori, Mama Faida akapiga simu.

"Papa Deo, page imekufa."

"Haijakufa, Mama. Niko naiangalia hapa."

"Unaangalia ya kwako. Ya kwetu imekufa."

Nikafungua tena dukani kwangu. Inafunguka, tena haraka. Nikamwambia wazime simu, wawashe. Wakazima, wakawasha. Hakuna. Dereva hawezi kungoja, njia ya Niemba mvua ikinyesha ni matope ya kumeza gurudumu. Papa Kisimba akatoa karatasi yake mfukoni, akagawa nafasi kwa mkono kama zamani. Magunia ya Mama Faida yakabaki chini.

Nikasema ni rezo, mtandao wa simu umelegea. Huku kwetu hilo ni jibu zuri kwa kila jambo.

Lori lililofuata, yale yale.

Hapo nikakunja mikono ya shati. Nikafanya yote ninayoyajua, na ninayajua mengi. nginx -t, config safi. Diski ina nafasi. Cheti hakijaisha. DNS inaelekeza panapotakiwa. Nikawasha upya nginx, nikawasha upya seva nzima, nikaongeza na memory. Nikampigia rafiki yangu Kigoma afungue, ikafunguka. Nikampigia mteja wangu Lubumbashi, ikafunguka. Nikasoma log ya nginx mstari kwa mstari: 200, 200, 200. Kila aliyekuja amehudumiwa vizuri!

Sasa ninyi niambieni. Page inafunguka Kigoma, inafunguka Lubumbashi, inafunguka dukani kwangu. Inakataa mahali pamoja tu duniani, pale pale ilipotengenezewa.

Watu wakaanza kusema wao. Kuna aliyesema Papa Kisimba ameiendea kwa mganga. Mimi mambo hayo siamini, lakini nakiri nilimwangalia Papa Kisimba vibaya.

Yeye mwenyewe akawa ananifurahia. Nikipita na moto, yaani pikipiki, ananipungia mkono. "Papa Deo! Habari ya Ulaya? Wamesema wanatuma magunia lini?" Na watu wake wanacheka.

Shemeji yangu Trésor ni injenieri wa kweli, yuko Lubumbashi, diplome ukutani. Nikamweleza kwa WhatsApp. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Shemeji, umeenda bandarini wakati inakatala?"

"Niende kufanya nini? Seva haiko bandarini."

Akacheka. "Ndiyo, lakini shida iko bandarini."

Nikamwambia mteja ameingia, nikakata simu. Si kwamba alikosea. Nilikuwa nafikiri.

Siku hiyo hiyo Mama Faida akaja dukani. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Mnajua mama akikataa kiti, mambo si mazuri.

"Papa Deo, magunia yangu nimeyaanika tena, mvua ikarudi, nimeyaanika tena. Yakikosa na lori ya Jumanne, hiyo si chakula, ni mbolea. Wamama wamesema hivi: Jumanne page ikikatala, tunarudia karatasi ya Papa Kisimba, na page yako unaifuta."

"Mama, mutarudia kwa yule anayewakula?"

"Si kwamba tunamupenda. Lakini yeye akikatala, unaona sura yake. Weye page yako inatukatala, hata sura haina."

Wakuu, nimetukanwa na watu wengi maishani. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Nikachukua laptop, nikapanda moto nyuma ya Mama Faida na dereva wa hiyo moto, tukashuka bandarini watatu tumebanana.

Hapo njo mambo yakaanza kuonekana.

Kufika kwenye kibanda chao, naona nguzo. Juu ya nguzo kuna msumari. Kwenye msumari umening'inia mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kuna simu.

"Hii nini?"

"Rezo yetu," anasema Mama Faida, kama vile nimeuliza ziwa ni nini.

Kumbe pale chini rezo haishiki, inashika juu ya nguzo tu. Basi wanachanga, wananunua forfé moja ya mega, bando la intaneti, wanaiweka kwenye simu moja, wanaitundika juu, inagawa koneksio. Soko zima la ndagala linakunywa kwenye kisima kimoja. Nani huku atanunua mega zake peke yake wakati jirani anazo? Hata mimi nyumbani kwangu majirani wananinyonya, na nikiwakatalia wananiona mchoyo.

Nikaunga simu yangu kwenye ile ya msumari. Page: imekataa. Kweli kabisa imekufa.

Nikaunga laptop, nikajaribu kuingia kwenye seva kwa SSH. Imekataa! Mimi mwenye nyumba, niliyeijenga, nimefungiwa nje.

Papa Kisimba amesogea, mikono nyuma. "Papa Deo, nikutafutie nafasi kwenye lori?"

Nikafungua ule ukurasa unaokuambia IP yako ni ipi, nikaikariri. Kisha nikatoa laptop kwenye simu ya msumari, nikaiunga kwenye laini yangu ya mtandao mwingine, wa mega ghali, unaoshika hata pale chini. Nikaingia seva bila shida. Nikamwuliza mlinzi: kwenye mlango wa mama umemfunga nani?

Mfungwa mmoja tu. Anwani moja. Ile ile niliyoikariri.

Nikaketi juu ya beseni lililopinduliwa, laptop magotini.

Nikamfungulia. Page ikafunguka kwa wote mara moja, mama wakapiga vigelegele. Mwingine angefunga laptop hapo, akale ugali wake. Mimi nikasema hapana. Aliyefungwa mara mbili atafungwa ya tatu. Nataka kuona anakosea nini.

Nikawaambia, "Ingieni kama munavyoingiaka asubuhi ya lori. Miye sipo."

Wengi wa wale mama wana simu ndogo za kitufe, na wengine macho yamechoka. Kwa hiyo yupo Mama Amina, mwenye simu kubwa na vidole vyepesi, anawaingizia wote. Anakaa katikati, wenyewe wamemzunguka, kila mtu anataja namba na code kwa sauti. Code ya siri, wakuu! Siri ambayo mpaka wavuvi wanaijua!

Akafikia Mama Yohana.

"Code yako?"

"Mwaka niliomuzaa Yohana."

"Mwaka gani, Mama?"

"Ule wa mvua kubwa."

"Mama, simu haijue mvua."

"Jaribu ule wa mbele yake basi."

Akajaribu. Sio. Wakaanza kubishana wote. Mmoja anasema Yohana ni mkubwa kuliko mtoto wake, mwingine anasema walibatizwa siku moja. Mama Amina anajaribu mwaka huu, anajaribu ule, wanacheka mpaka machozi.

Na mbele ya macho yangu, page ikafa. Kwa wote.

Nikasimama, nikacheka mimi. Nilicheka mpaka Papa Kisimba akaacha kucheka.

Mmeona? Mlinzi wangu alikuwa hodari. Alikuwa anafanya kazi niliyomtuma, barabara. Kwake yeye soko zima lilikuwa mtu mmoja: IP moja, anaingia kwa majina chungu nzima, anabahatisha code harakaharaka. Ukimweleza hivyo mlinzi yeyote duniani, atasema huyo ni mwizi. Hakuna mahali kwenye yale maelekezo ya Kiingereza palipoandikwa kwamba kuna nchi mtu mmoja anatundika simu kwenye msumari na wenzake wote wanapitia humo.

Na ile log iliyonichanganya? nginx inaandika walioingia. Aliyezuiwa na firewall huko nje getini hafiki mlangoni, kwa hiyo nginx haimjui. Nilikuwa nasoma kitabu cha wageni kumtafuta mtu aliyefukuzwa barabarani. Mlinzi naye ana log yake, ilikuwa inasema yote, lakini nani anamwuliza mlinzi wakati nyumba haijaibiwa?

Nilitengeneza pale pale juu ya beseni, mama wamenizunguka kama ninauza kitu.

Kwanza nikamtoa mlinzi kwenye mlango wa mama, nikamwacha kwenye SSH peke yake. Huko nikazima kabisa kuingia kwa password, ni funguo tu. Wezi wabahatishe mpaka wazeeke.

Kisha kwenye programu ya page yenyewe, makosa hayahesabiwi tena kwa IP, yanahesabiwa kwa namba ya simu ya mama. Ukikosea sana, namba yako wewe inapumzika dakika chache. Ya jirani haiguswi.

Na kwenye nginx nilikuwa nimeweka limit_req kali, IP moja isiombe kurasa nyingi kwa pigo moja. Nikailegeza, nikapanua burst, idadi inayoruhusiwa kwa mkupuo, maana kwetu IP moja ni kijiji.

nginx -t. Safi. Reload.

Mama Faida alikuwa anafuata kila kitu. Akauliza swali ambalo wengine na diplome zao hawaulizi.

"Sasa mwizi wa kweli akikuja?"

"Atabahatisha namba moja, itamufungia. Akienda nyingine, itamufungia. Na hata akiingia, ataiba nini? Nafasi ya gunia ambalo hana?"

"Na Mama Yohana asipokumbuka mvua yake?"

"Atapumzika peke yake. Nyie munaendelea."

Mama Yohana akasema, "Miye napenda kupumzika." Wakacheka tena. Nikambadilishia code hapo hapo, akachagua mwenyewe. Sitaitaja, ingawa bandari nzima imeshaijua.

Jumanne nilifika mapema. Sikusema nimekuja kuangalia page. Nilisema nimekuja kununua samaki.

Mawingu meusi yalikuwa yanatoka upande wa ziwa, na dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi. Papa Kisimba amesimama karibu na gurudumu, karatasi imetoka nusu mfukoni. Lori likatangazwa. Mama Amina katikati, wenzake wamemzunguka, kelele ile ile. Mimi nimeshika samaki wa watu mkononi, hata bei sijauliza.

Mama mmoja akakosea. Namba yake ikapumzika.

Page ikabaki wazi. Wengine wakaendelea kuingia, mmoja baada ya mwingine, mpaka Mama Faida. Nikaona kwenye simu ya dereva majina yanashuka kama maji ya bomba. Yule aliyekosea akarudi baada ya mapumziko yake, akapata nafasi ya karibu na mwisho.

Vijana wakaanza kupandisha. Magunia ya Mama Faida yalipopita mbele yangu yalikuwa yananuka vizuri, harufu kavu. Yeye hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kamba zinavyofungwa, anamgombeza mtu avute zaidi. Tone la kwanza la mvua lilianguka wakati turubai limeshafunika kila kitu, na lori likaondoka.

Ndipo akanigeukia. "Papa Deo, hiyo samaki unaishika tangu asubuhi. Utainunua ao utaifundisha kompyuta?"

Nikainunua. Wakuu, hiyo njo "asante" ya Mama Faida, na mimi nimeipokea hivyo.

Papa Kisimba alingoja watu wapungue, akaja pembeni. Yeye pia ana magunia ya shemeji zake. Akauliza kwa sauti ya chini kama inawezekana kumwandikisha. Kabla sijafungua mdomo, Mama Faida akamjibu kutoka mbali kule:

"Inawezekana, Papa! Ingia mustari nyuma ya Mama Yohana. Na mega unachanga kama wengine."

Akachanga. Niliona kwa macho yangu.

Funzo langu ni hili. Kabla hujaweka ulinzi kwenye seva, jua watu wako wanaingiaje. Usihesabu IP ukadhani unahesabu watu. Page ikifunguka kwako na ikakataa kwa mteja, usibishane naye kwenye simu, panda moto uende ukae anapokaa. Na ukisoma log, jiulize log hiyo inawaona akina nani.

Shemeji Trésor alisema mapema, namheshimu kwa hilo. Lakini aliyeketi kwenye beseni ni mimi.

Sasa nyie wa Dar, Mwanza, Bujumbura na Kigoma, watu wenu wakiwa wengi nyuma ya IP moja mnafanyaje? Kuna anayetumia cookie kwenye limit_req badala ya anwani, na inamfaa? Mwageni maarifa hapa chini, hata ya kunipinga. Wenye diplome semeni, na tusio nazo tusiogope kuwatangulia.